Nitoke Niende Wapi?

Vanishi ilikataa kukauka.

Mama Msasa alikuwa amepaka vanishi vitanda, milango na makabati tangu alipoolewa na Fundi. Jina lenyewe la Msasa alipewa na wateja, kwa sababu mikono yake, walisema, ingeweza kulainisha hata ulimi wa mawifi. Alijua mbao ipi inakunywa rangi kama mlevi na ipi inaitema. Lakini kitanda hiki kilimshinda. Alikipaka asubuhi, jua likakichoma kutwa nzima mbele ya karakana, na jioni alipogusa ubao wa kichwani kidole kilirudi kimelowa. Haikuwa vanishi. Yalikuwa maji, ya baridi, kama jasho la mgonjwa wa homa.

"Mbao haijakauka," alimwambia mumewe.

Fundi alikuwa akinoa patasi. "Imekauka. Ukiigonga inalia kama kengele."

"Basi njoo uiguse."

Aligusa, akanusa kidole, akajifuta kwenye suruali. "Umande."

"Umande na jua lote hili?"

"Mama Msasa, kitanda ni cha mama, si cha maonyesho. Kipanguse tukiingize ndani. Mgongo wake hauwezi kungoja."

Ilikuwa kweli kwamba mgongo wa mama yake Fundi ulikuwa umechoka. Alikuwa akiamka amejikunja kama bawaba iliyoshika kutu, na mwanawe akaapa kumtengenezea kitanda cha mbao isiyopatikana dukani. Mbao hiyo ilitoka katika msitu wa mlimani.

Msitu ule ulikuwa juu ya mji tangu mji haujawa mji. Haukuwa mkubwa, ungeuzunguka ukarudi ukakuta chai uliyoiacha mezani bado ina joto. Lakini miti yake ilikuwa minene na mirefu, na watoto walikatazwa kuokota kuni humo. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa, "Ni kwa wenyewe," na ukiuliza wenyewe ni nani, unapigwa kofi la mgongo na kutumwa maji. Watu wazima walipopita chini yake walishusha sauti, hata wale wanaojidai hawaamini kitu. Kisha wakaja watu wa kujenga maghala. Wazee wachache walikwenda kuketi njiani siku tingatinga zilipopanda. Wakainuliwa kwa upole, wakapewa maji ya chupa, wakarudishwa makwao. Vijana walicheka. Wengine walishangilia, maana maghala ni ajira. Na Fundi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika na mkokoteni.

"Mti umeshaanguka," alimwambia mkewe siku ile. "Nikiuacha mimi atauchukua mwingine."

Hata Mama Msasa, alipopitisha mkono juu ya ubao ule mwekundu wenye mistari kama mawimbi, alikuwa ametamani.

Walikiingiza kitanda chumbani kwa mama. Kidosho, binti yao mdogo, alikuwa wa kwanza kukirukia. Bibi yake alisimama mlangoni akiwa ameshika fremu. Hakutabasamu. Alikuja polepole, akaweka kiganja kwenye ubao wa kichwani, akakiacha pale kama mtu anayepima mapigo ya moyo.

"Mwanangu," alisema, "mbao hii umeitoa wapi?"

"Mlimani, mama. Shina lake halikukumbatika kwa mikono. Ule mkubwa wa katikati."

Mwanamke yule mzee aliutoa mkono wake, akautazama.

"Kizuri," mama alisema. "Mungu akubariki, umefanya kazi nzuri." Na usiku huo alilala chini, juu ya mkeka.

Mwanawe alipomkuta sakafuni asubuhi alikasirika, halafu akaumia, halafu akabembeleza. Alidhani mama anaona haya kulalia kitu cha thamani. Alimbembeleza mpaka mama, ambaye hakuwahi kumnyima kitu mwanawe huyu wa pekee wa kiume, akakubali kujinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana, ili tu amridhishe.

Mama Msasa alikuwa uani akisugua miguu ya meza kwa msasa aliposikia tawi likikwaruza bati. Ni sauti anayoijua kila mtu: tawi zito linapandishwa na upepo, linashuka, linapandishwa tena. Aliinua macho. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na mti pia. Nyumba yao ilizungukwa na kuta, na mti wa karibu zaidi ulikuwa mtaa wa pili. Sauti iliendelea, kwaruu, kwaruu, juu ya chumba cha mama, na pamoja nayo ikaja harufu, ya majani mabichi yaliyopondwa na udongo mweusi ambao haujawahi kuona jua, ikapita mlangoni, ikapita jikoni, ikaifunika hata harufu ya gundi na vanishi iliyokuwa imeishi katika nyumba ile miaka yote ya ndoa yake.

Aliingia ndani. Mama mkwe alikuwa ameketi katikati ya kitanda, mgongo umenyooka kama wa msichana.

"Mama? Umeamka?"

Yule mzee aligeuza kichwa. Macho yalikuwa yake, mikunjo ilikuwa yake. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nene na ya taratibu, kama inayotoka ndani ya kisima kilichofunikwa.

"Amezeeka," ilisema, ikijitazama mikono. "Nilimwacha na meno yote."

Mama Msasa alirudi kinyumenyume hadi mgongo ukagonga ukuta. Aliita jina la mumewe, ikatoka hewa tu.

"Usiogope," ilisema sauti, bila hasira yoyote, na huko kukosa hasira ndiko kulikomtisha zaidi. "Mimi si mgeni humu. Huyu nilimjua kabla yako."

Wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, ndiye aliyeijua hadithi, na aliisimulia jioni ile jikoni kwa kunong'ona, mlango umefungwa, sufuria ikitokota bila mtu wa kuiangalia. Mama alipokuwa msichana aliwahi kukamatwa na jini. Alikuwa hali, halali, anazungumza kwa sauti ya mwanamume. Babu akamleta mganga. Mganga akaongea na jini lile mpaka wakaelewana, akampandisha binti mlimani, akarudi naye mzima, anaomba chakula.

"Wakaelewana nini?" Fundi aliuliza.

"Mama hakusema. Alisema tu jini lilipewa nyumba."

Kutoka chumbani walisikia sauti ile nzito ikiimba polepole wimbo wa watoto wa kuruka kamba. Fundi aliweka uso katika viganja. Kucha zake bado zilikuwa na unga mwekundu wa mbao.

Kesho yake, asubuhi na mapema, alikitoa kitanda nje, akachukua shoka akakipasua, akawasha moto uani. Mbao ile ililia ikiungua, ikitoa povu, na moshi wake ulikuwa mzito mno kupaa. Ulitambaa chini ukaingia ndani. Mama alikuwa ameketi kizingitini akitazama, mikono mapajani.

"Ukichoma nyumba ya mtu," ilisema sauti, "mwenye nyumba hafi. Anahamia kwa jirani."

Ikabidi waende kwa mganga. Yule wa zamani alikuwa ameshakufa, ila kazi aliirithi binti yake, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya ualimu, ambaye watu walimsifu kwa kutopiga kelele. Fundi alirudi naye jua likiwa kali. Mama Msasa aliona kwanza macho yake: mekundu, yamevimba, ya mtu ambaye hajalala siku nyingi. Alifukiza ubani, akaketi mkekani mbele ya mgonjwa, wakatazamana kama majirani wenye kesi ya mpaka.

"Shikamoo," mganga alisema.

"Marahaba. Una pua ya baba yako."

"Mwanamke huyu ni mzee. Mwache apumzike. Toka."

"Nilishatoka," jini lilijibu. "Baba yako aliniambia toka, nikatoka. Sikuvunja hata chungu. Akaniambia, nyumba yako ni ile pale, mti ule, na maadamu sisi ni watu na tuna ulimi wa kusema, hakuna shoka litakaloufikia. Nikakubali. Je, niliwahi kushuka? Uliza mji mzima. Kuna siku nilibisha hodi kwa mtu?"

Mganga alitazama mkeka.

"Mimi nimetimiza neno langu. Sasa wewe niambie, na nikikudanganya uniadhibu: nitoke niende wapi?"

Ubani uliisha kwenye chetezo, na mganga hakuongeza mwingine. Mama Msasa alingoja aseme kitu, dua, kitisho, jina la mahali. Mwanamke yule aliinamisha kichwa tu. Alipoinuka, magoti yakilia, aliwaita wenye nyumba uani.

"Nitawaambia, maana hamna budi kujua," alisema kwa sauti ya chini. "Hili si lenu peke yenu. Kila jini lililotolewa katika mji huu, na baba yangu, na baba yake, na waganga wengine wote, lilipelekwa kule. Jini halifukuzwi hewani, ndugu zangu. Linafukuzwa kwenda mahali. Ule msitu hatukuulinda kwa ajili ya ndege."

"Kwa nini hamkusema?" Fundi alifoka, halafu akakumbuka mgonjwa, akashusha sauti. "Kwa nini hamkuwaambia wakati wanakata?"

"Mama yangu mdogo aliketi barabarani siku ile. Alipewa chupa ya maji." Alijifuta uso kwa kanga. "Nimetoka nyumba nyingine sasa hivi. Na nikitoka hapa nakwenda nyingine. Tumpandishe mlimani. Huenda wamebakiza hata mti mmoja."

Walimkodia mama taksi, wakampandisha kilima mchana kweupe. Hakupinga. Alichungulia dirishani na kutaja, kwa sauti ile, nani alikuwa akiishi wapi, watu ambao hata wajukuu wao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Mama Msasa hakuwa amepanda kule tangu msitu uangushwe. Alitarajia visiki. Hakutarajia watu. Katika uwanja ule wa udongo mwekundu, kati ya visiki vilivyokuwa bado vinachuruzika utomvu na tingatinga zilizozimwa, zilisimama familia, hapa moja, pale nyingine, kila moja imemzunguka wa kwake, na hakuna aliyekuwa akizungumza kwa nguvu. Aliona mwalimu wa hisabati wa shuleni kwa Kidosho akiwa amefungwa mikono kwa shuka, mkewe akimpepea. Aliona muuza maziwa wa mtaani kwao akitembea kwa mikono na miguu kuzunguka kisiki kimoja, akikinusa, akirudi, akikinusa tena, kama paka aliyerudi akakuta nyumba imehama. Aliona bibi harusi mwenye hina mbichi mikononi. Waganga walikuwepo, wanaume kwa wanawake, wameketi juu ya visiki wameshika tama.

Mlinzi wa mahali pale alitoka kwenye kibanda chake na rungu mkononi, akawatazama, akaliegemeza rungu ukutani.

"Nimeambiwa niwafukuze," alisema kwa uchovu. "Piteni tu. Na mimi wangu yuko kibandani."

Ukingoni mwa kiwanja, pale ambapo mashine hazikufika kwa sababu ya mwamba, ulikuwa umebaki mti mmoja. Ulikuwa mwembamba kama mguu wa mtoto, na majani yake yalihesabika. Watu wote walikuwa wakiutazama bila kuukaribia, kama kundi la wenye njaa linavyotazama kipande kimoja cha mkate. Mganga wao alimshika mama mkono, akamwongoza. Mganga mwingine, mwanamume mwenye ndevu za kijivu, akainuka na kumvuta yule mwalimu wa hisabati. Wa tatu akainuka. Mara kukawa na msukumano wa kimyakimya, viwiko na mabega, watu wazima wanaoheshimiana wakikanyagana, na wagonjwa wao, ambao muda wote walikuwa wametulia, wakaanza wote kwa pamoja kutoa sauti moja ya chini, ya kuomba, sauti ya watu waliosimama mvuani wakiona mlango unafunguliwa kidogo. Mama alifika wa kwanza. Aliunyooshea mti mkono. Wengine nao wakanyoosha, mkono juu ya mkono juu ya mkono, na mti ule, katika hewa ambayo haikuwa na upepo hata wa kupeperusha uzi, ukaanza kutetemeka kuanzia mizizini, majani yakageuka rangi mbele ya macho yao, ya kijani, ya manjano, ya kahawia, yakadondoka yote, na shina likafura kama koo la mtu anayelazimishwa kumeza, likafura, likafura, mpaka likapasuka kutoka juu hadi chini kwa mlio uliowafanya watoto waliobebwa migongoni wapige ukelele.

Mama alirudisha mkono wake kifuani.

"Hatukutosha," sauti ilisema. Na Mama Msasa, aliyekuwa ameliogopa jini lile kuliko kifo, alisikia ndani ya sauti ile jambo ambalo hakulitegemea, nalo lilikuwa aibu.

Walirudi nyumbani nalo. Wangefanya nini?

Fundi alitafuta miche mji mzima. Aliupata mmoja wa aina ileile kwa mtunza bustani, akaupanda nyuma ya karakana, akaujengea uzio wa mabaki ya mbao ili mbuzi wasiufikie. Mama aliwekewa kiti karibu na hapo. Jini lilipenda kukaa pale alasiri, likitazama.

"Nitangoja," lilimwambia Fundi. "Subira ninayo. Ninyi ndio hamna umri."

"Utachukua muda gani?" aliuliza. Alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, na Mama Msasa, akitazama kutoka dirishani, aliona mumewe ameshazeeka mabega.

"Wa kunibeba mimi? Atauona mjukuu wa binti yako, akijaliwa. Mama yako hana muda huo. Nasema ili mjue. Sipendi kumshtua mtu."

Hakuna aliyeuliza, mama akifa, litahamia kwa nani. Lakini jioni hiyohiyo Mama Msasa alimfungia Kidosho nguo zake katika mkoba, akampeleka kwa wifi yake upande wa pili wa mji. Alimwambia ni likizo. Mtoto alifurahi, kwa shangazi kulikuwa na televisheni kubwa.

Mwili wa mama haukuweza kubeba wawili. Ulipungua kama sabuni. Siku za mwisho aliacha kula, na jini lilisema kwa upole kwamba si kosa lake, limejaribu kumlisha. Ilikuwa alasiri, jua limeingia dirishani hadi miguuni mwa mkeka, wakati mama alipofumbua macho na kuongea kwa sauti yake mwenyewe, ile ya zamani, iliyokwaruza kidogo mwishoni mwa maneno.

"Mkwe wangu. Mtoto yuko wapi?"

"Hayupo, mama. Yuko mbali."

"Umefanya vizuri." Alihema. "Tokeni na ninyi. Mniache peke yangu."

"Siwezi kukuacha ufe peke yako, mama," Fundi alisema, akilia waziwazi.

"Toka, mwanangu. Nakuomba. Kuna jambo gani nimewahi kukuomba?"

Hakutoka. Alimshika mkono wa kulia. Mama Msasa alisimama pale akitazama mlango, kisha akamtazama mumewe amejikunja juu ya mama yake kama mtoto, na miguu ikakataa kwenda. Akapiga magoti, akaushika mkono wa kushoto. Walimshika hivyo, mmoja huku, mwingine huku, mpaka kifua kikatulia. Katika kutulia huko kitu kilipita, baridi, kama mtu anapokupita kwenye ujia mwembamba wa nyumba akakugusa bega. Wote wawili walishtuka. Wote wawili waliangaliana. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme, na hakuna aliyesema.

Walimzika. Watu walikuja wachache, maana karibu kila nyumba ilikuwa na mgonjwa wake wa kuangalia. Kiti kule nyuma ya karakana kiliondolewa. Fundi alirudia kazi, akaranda mbao za dukani ambazo hazikuwa na harufu ya kitu. Aliongea kidogo. Mkewe naye aliongea kidogo. Usiku walilala wakitazama dari, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenziwe, na asubuhi Mama Msasa alipokwenda kuumwagilia mche ule alikuta udongo umeshalowa. Hakumuuliza mumewe. Alimwaga maji yake juu ya yale, akaondoka.

Siku zilipita, hakuna kilichosikika. Hapakuwa na sauti, wala harufu, wala tawi juu ya bati. Wifi akatuma ujumbe kwamba mtoto anawalilia, hali vizuri, anataka kwao. Je, si yamekwisha?

Alikwenda kumchukua. Alifika mchana, watoto wakicheza uani, na kupitia matundu ya geti alimwona Kidosho akiruka kamba, nywele zimesukwa upya, amempa mgongo. Aliweka mkono juu ya komeo. Kilichobaki kilikuwa kumwita tu, na mtoto angegeuka, angeiacha kamba, angemkimbilia na kumrukia mikononi.

Mama Msasa alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akaubana kwa kiganja, akasimama pale jua likimchoma utosi, kwa kuwa hakujua sauti itakayotoka ingekuwa ya nani.